Shingo ya Kuku Katika Chungu cha Sikukuu: Somo la Joto, Muda na Lishe

Krismasi, Pasaka au Iddi inapowadia, katika nyumba nyingi za Karagwe na Kyerwa mkoani Kagera huchinjwa kuku wa kienyeji, na sufuria ya nyama huwekwa motoni kando ya ile ya ndizi na maharage. Kuku huyo si yule wa wiki chache anayefugwa kwa ajili ya nyama tu. Mara nyingi ni jogoo aliyekomaa, au mtetea aliyekwisha kutaga misimu kadhaa. Kidari huiva mapema, lakini shingo hubaki ngumu. Mpishi, akiona wageni wanakaribia, huongeza kuni. Sufuria hutokota kwa kishindo, maji hupungua, naye huongeza maji mengine. Hata hivyo shingo hailainiki upesi kama alivyotarajia.

Makala haya yanakusudia kujibu maswali matatu. Kwa nini shingo huchelewa kulainika? Kwa nini moto mkali hausaidii? Na mchuzi unaopatikana kutokana na shingo una thamani gani kwa mlaji, hasa mtoto? Majibu yamo katika masomo ya fizikia, kemia na baiolojia yanayofundishwa katika shule zetu za sekondari, na sehemu kubwa yaweza kuthibitishwa kwa sufuria, kipimajoto na saa.

UMBILE LA SHINGO

Mamalia karibu wote, akiwamo mtu, ng'ombe na hata twiga mwenye shingo ndefu, wana pingili 7 za shingo. Kuku anazo zipatazo 14. Wingi huo wa pingili humwezesha ndege kudonoa chini, kutazama nyuma na kusafisha manyoya ya mgongoni bila kugeuza mwili mzima. Ili kuziendesha pingili nyingi kiasi hicho, shingo imejaa misuli midogo midogo, kano zinazoishikiza misuli hiyo kwenye mfupa, na gegedu kwenye viungo. Bata mzinga ana umbile la namna hiyo hiyo, ila shingo yake ni nene na ndefu zaidi, hata moja tu hutosha kutengenezea mchuzi wa watu kadhaa.

Kano, gegedu na ngozi zimejengwa hasa kwa protini iitwayo kolajeni. Molekuli moja ya kolajeni ni nyuzi tatu zilizosokotwa pamoja mfano wa kamba. Mnyama anapozidi kuzeeka, viungo vya kikemikali baina ya kamba hizo huongezeka, nazo hushikamana zaidi. Hii ndiyo sababu nyama ya jogoo mzee ni ngumu kuliko ya kuku mchanga, ingawa wote wawili wamelishwa mtama ule ule.

Kolajeni ikipashwa joto ndani ya maji, nyuzi zake hulegea, husokotoka na hatimaye huyeyuka katika maji. Hapo huitwa jelatini. Badiliko hilo huanza kuonekana joto linapopita nyuzi 60 hivi za Sentigredi, lakini huenda polepole mno. Kadiri joto linavyopanda ndivyo linavyokwenda kasi. Protini za msuli wenyewe zina tabia tofauti: hizo huganda mapema, hukaza na kukamua maji. Kwa hiyo kidari kikipikwa kwa saa tatu hukauka, lakini shingo ikipikwa kwa saa hizo hizo hulainika. Mpishi mwenye busara huziondoa nyama laini zikishaiva, akaiacha shingo iendelee.

MAJI YA KARAGWE HUCHEMKA KWA NYUZI NGAPI?

Wanafunzi wengi watajibu bila kusita kwamba maji huchemka kwa nyuzi 100. Jibu hilo ni sahihi Dar es Salaam au Tanga, penye usawa wa bahari. Maji huchemka pale kanieneo ya mvuke wake inapolingana na kanieneo ya hewa inayoyakandamiza. Kadiri tunavyopanda juu, hewa iliyo juu yetu hupungua, kanieneo yake hushuka, na maji huchemka kwa joto dogo zaidi. Kwa makadirio, kila tunapopanda meta 300, nyuzi za mchemko hupungua kwa 1 hivi.

Sehemu kubwa ya Karagwe na Kyerwa iko baina ya meta 1,200 na 1,800 juu ya usawa wa bahari. Tuchukue mfano wa kijiji kilicho kwenye meta 1,500. Ukigawa 1,500 kwa 300 unapata 5. Maji ya kijiji hicho, basi, huchemka kwa nyuzi 95 tu.

Jambo hili liliwahi kutumiwa kupimia nchi yenyewe. Mwingereza John Hanning Speke, aliyefika Ziwa Viktoria mwaka 1858, alichemsha maji na kusoma kipimajoto ili akadirie kimo cha ziwa hilo, naye akapata tarakimu iliyo karibu sana na ile tunayoijua leo, yaani meta 1,134. Mwishoni mwa mwaka 1861 alifika Karagwe katika safari yake ya pili, akakaa kwa Mukama Rumanyika huko Bweranyange. Krismasi ya mwaka huo ilimkuta hapo, na kwa maelezo ya kitabu chake cha safari, Rumanyika aliposikia kwamba Waingereza huiadhimisha siku hiyo kwa karamu ya nyama, alimpelekea ng'ombe. Nyama ya karamu hiyo, kama nyama yoyote ichemshwayo katika nyanda hizo, haikuweza kupata joto la nyuzi 100 ndani ya maji.

Tofauti ya nyuzi 5 si ndogo kama inavyodhaniwa. Kanuni ya makadirio katika kemia husema kwamba mabadiliko mengi ya kikemikali huenda mara mbili kwa kasi joto linapoongezeka kwa nyuzi 10. Kwa kanuni hiyo, kazi ichukuayo dakika 100 pwani huchukua kama dakika 140 Karagwe. Mgeni kutoka pwani anayelalamika kwamba nyama ya huku haiivi hana budi kuelezwa kwamba kosa si la mpishi wala la kuku peke yake. Hewa nayo ina sehemu yake.

KWA NINI MOTO MKALI HAUSAIDII

Hapa ndipo penye kiini cha somo letu. Maji yakishaanza kuchemka, joto lake halipandi tena hata ukiongeza kuni maradufu. Nguvu yote inayozidi hutumika kugeuza maji kuwa mvuke. Sufuria inayotokota kwa kishindo na sufuria inayotoa viputo vichache vichache zina joto linalokaribia kuwa sawa. Shingo iliyo ndani ya hizo mbili hulainika kwa mwendo usiotofautiana sana. Kinachotofautiana ni kuni.

Na tufanye hesabu. Ili kupasha lita 1 ya maji kutoka nyuzi 20 hadi 95 zahitajika kilojuli 4.2 kwa kila uzi mmoja, yaani 4.2 × 75, sawasawa na kilojuli 315. Lakini kugeuza lita hiyo hiyo iwe mvuke kwahitaji kilojuli zipatazo 2,260, ambazo ni zaidi ya mara 7. Kilo moja ya kuni kavu hutoa kilojuli 15,000 hivi. Jiko la mafiga matatu hupoteza sehemu kubwa ya joto hilo hewani. Tuseme moja ya kumi tu ndiyo huingia katika sufuria, yaani kilojuli 1,500. Kwa hiyo kila lita ya maji inayopotea kama mvuke imekula kilo moja na nusu ya kuni. Kuni hizo zilikatwa mahali fulani, na zikabebwa na mtu, mara nyingi mama au binti wa shule, kwa saa ambazo angeweza kuzitumia kwa jambo jingine.

Hekima inayofuata ni rahisi. Sufuria ikishachemka, punguza moto mpaka viputo viwe vidogo, ifunike vizuri, na uiache. Kinacholainisha shingo ni muda, si kishindo. Chemko tulivu lina faida nyingine pia: mafuta hubaki yakielea juu ambapo yanaweza kuenguliwa, badala ya kuvurugwa yakachanganyika na supu na kuifanya iwe na ukungu.

Iwapo mpishi anataka kasi ya kweli, hana budi kuongeza kanieneo. Mwaka 1679 mwanasayansi Mfaransa Denis Papin, akiwa Uingereza, alitengeneza chungu cha chuma chenye mfuniko uliobanwa na vali ya usalama. Lengo lake lilikuwa hasa kulainisha mifupa ili kupata lishe iliyomo ndani yake. Sufuria za kanieneo zinazouzwa madukani leo ni wajukuu wa chungu hicho. Sufuria inayoongeza kilopaskali 100 juu ya kanieneo ya hewa huweza, hata Karagwe, kufikisha maji nyuzi 118 hivi, na shingo ya jogoo ikalainika kwa chini ya saa moja.

Asiye na sufuria ya namna hiyo anaweza kutumia kikapu cha kuhifadhi joto. Kikapu kikubwa hujazwa majani makavu ya migomba pande zote, kikaachwa na nafasi katikati. Shingo huchemshwa jikoni kwa nusu saa, kisha sufuria ikiwa bado inachemka hufunikwa, hutiwa kikapuni na kufunikwa tena kwa mto wa majani au blanketi. Hewa iliyonaswa baina ya majani huzuia joto lisitoke. Baada ya saa mbili sufuria itolewe, ichemshwe tena, na upishi ukamilishwe. Isiachwe humo mpaka ikapoa chini ya nyuzi 60, kwa sababu itakayoelezwa mbele.

KUTOKA SUPU HADI MCHUZI MZITO

Mchuzi mzito wa shingo hutegemea mambo matatu: rangi, jelatini na wanga.

Kwanza rangi. Nyama iliyochemshwa tu hubaki nyeupe na ladha yake hupooza. Mwaka 1912 Mfaransa Louis-Camille Maillard alieleza jinsi protini na sukari zinavyoungana zikipashwa joto na kuzaa rangi ya kahawia na harufu nyingi nzuri. Hali hiyo hutokea kwa kasi joto linapokaribia nyuzi 140, ambalo haliwezekani ndani ya maji. Kwa hiyo vipande vya shingo vifutwe vikauke, vikaangwe katika mafuta kidogo mpaka viwe vya kahawia, ndipo maji yatiwe. Ukoko wa kahawia ulioganda chini ya sufuria usitupwe. Ukikwanguliwa kwa mwiko huyeyuka na kuupa mchuzi rangi na ladha.

Pili jelatini. Vipande vikishakaangwa, tia maji ya kuvifunika, kitunguu na karoti ukipenda, ufunike na kuacha vichemke taratibu kwa saa mbili na nusu hadi tatu. Shingo imeiva pale nyama inapoachana na pingili kwa kuvutwa kwa uma. Chumvi na itiwe mwishoni, kwa kuwa maji yakipungua chumvi haipungui.

Tatu wanga. Chembechembe za wanga zikipashwa joto ndani ya maji mpaka nyuzi 60 hadi 75 hivi, hunywa maji na kuvimba, nao mchuzi huwa mzito. Ukitupa unga mkavu katika supu inayochemka, chembechembe za nje huvimba mara moja na kuufungia ndani unga mkavu. Hayo ndiyo madonge. Njia mbili huzuia jambo hili. Ya kwanza ni kukoroga unga katika maji baridi kabla ya kuutia. Ya pili ni kuukaanga unga katika mafuta yaliyoenguliwa juu ya supu. Mafuta huzitenga chembechembe zisishikamane, kisha supu huongezwa kidogo kidogo huku ukikoroga. Kwa nusu lita ya supu, vijiko vitatu vya mezani vya unga wa ngano hutosha. Unga wa muhogo huzito upesi na kung'aa, lakini ukichemshwa mno hulegea tena. Unga wa ndizi mbichi zilizokaushwa nao hufaa, maana sehemu kubwa ya ndizi mbichi iliyokauka ni wanga. Ndizi mbivu haifai, kwa kuwa wanga wake umekwisha kugeuka sukari.

MCHUZI NA SAHANI YA MTOTO

Mtu akiona supu iliyoganda mfano wa jeli asubuhi ya baridi, huamini kwamba nguvu zote za kuku zimehamia humo. Imani hiyo ilipata kuenea hata Ulaya. Mwanzoni mwa karne ya 19 huko Paris, maskini na wagonjwa wa hospitali walipewa supu ya jelatini ya mifupa badala ya nyama. Tume ya Chuo cha Sayansi cha Ufaransa, ambayo taarifa yake ilitolewa na François Magendie mwaka 1841, ilikuta kwamba wanyama waliolishwa jelatini peke yake hawakuweza kustawi.

Leo sababu yafahamika. Mwili wa mtu hujenga protini zake kwa asidi amino, na baadhi yake hauwezi kuzitengeneza wenyewe. Jelatini haina kabisa mojawapo ya hizo, iitwayo triptofani, na ina upungufu wa nyinginezo. Kadhalika, kalisi inayotoka katika mifupa na kuingia katika supu ni kidogo.

Hapa pana jambo la kufikiriwa katika kila nyumba. Desturi za kugawana kuku zina historia ndefu. Katika jamii kadhaa za Maziwa Makuu, Buganda ikiwa mojawapo, wanawake hapo zamani walikatazwa kula kuku na mayai. Mahali pengi firigisi huwekewa baba, mapaja na kidari wageni, nao watoto huambiwa watowee kwa mchuzi na wang'ong'one shingo. Mchuzi huo ni mtamu, huwasaidia kula ndizi nyingi zaidi, lakini peke yake haumjengi mtoto. Anayekua kwa haraka kuliko wote mezani ndiye mwenye kuhitaji protini kamili kuliko wote.

Dawa yake haihitaji kuku wa pili. Nyama ya shingo ikishalainika ichambuliwe kwa uangalifu, pingili zote ziondolewe, kwani ndogo zaweza kumkaba mtoto, na nyama irudishwe katika mchuzi wake. Shingo iliyochambuliwa vizuri hutoa nyama nyingi kuliko inavyodhaniwa. Tena mchuzi na uliwe pamoja na maharage: haya yana triptofani ambayo jelatini haina. Desturi ya Karagwe ya kupika ndizi na maharage inaafikiana na kemia.

USALAMA WA MCHUZI ULIOBAKI

Chemko huua bakteria wengi, lakini baadhi yao, kama Clostridium perfringens, huacha spora zinazostahimili nyuzi 100, na zaidi sana nyuzi 95. Supu ikiachwa ipoe polepole katika sufuria kubwa, spora hizo huamka. Katika joto la nyuzi 43 hadi 45 bakteria hao huweza kuongezeka maradufu kwa muda wa dakika 10 hivi. Wageni wanaougua tumbo siku ya pili ya sikukuu huwalaumu majirani au pombe, kumbe ni sufuria iliyolala karibu na jivu la moto.

Basi mchuzi na ubaki na joto zaidi ya nyuzi 60 mpaka uliwe, au upozwe upesi: ugawanywe katika vyombo vipana visivyo na kina, viwekwe ndani ya maji baridi. Usipate kukaa na uvuguvugu kwa zaidi ya saa mbili. Pasipo na jokofu, pika kiasi kitakacholiwa siku hiyo hiyo. Mikono, kisu na ubao vilivyogusa kuku mbichi vioshwe kwa sabuni kabla ya kukatia mboga. Na kuku aliyeonekana kuumwa asichinjwe kwa ajili ya kuliwa, hata kama sikukuu ni kesho.

MAJARIBIO YA DARASANI

1. Chukua sufuria mbili zilizo sawa, lita 2 za maji katika kila moja, na vipande vya shingo vyenye uzito sawa. Pima uzito wa kuni za kila jiko. Moja ichemke kwa kishindo bila mfuniko, nyingine taratibu kwa mfuniko. Soma kipimajoto kila baada ya dakika 10. Baada ya saa moja na nusu pima maji yaliyobaki, kuni zilizobaki na ulaini wa shingo.

2. Chuja supu kidogo katika neli ya majaribio, iweke ndani ya maji baridi, na uandike joto ambalo huanza kuganda. Ipashe tena uone kama huyeyuka. Supu hii imwagwe, isionjwe.

3. Dondosha iodini katika rojo la unga wa ndizi mbichi, kisha katika la ndizi mbivu. Linganisha rangi.

MASWALI

1. Mji wa Bukoba uko kando ya Ziwa Viktoria. Kadiria nyuzi za mchemko wa maji huko.

2. Jiko lililoboreshwa huingiza robo ya joto la kuni katika sufuria. Ni kilo ngapi za kuni zitapotea kwa kila lita ya mvuke? Linganisha na jiko la mafiga matatu.

3. Eleza kwa nini chumvi kiasi kinachotiwa chakulani haiwezi kupandisha nyuzi za mchemko kiasi cha kufidia kimo cha Karagwe.

4. Ulizia nyumbani kwenu ni nani hupewa shingo, nani firigisi, nani kidari. Andika ukurasa mmoja ukipendekeza mgawo utakaozingatia mahitaji ya mwili wa kila mmoja.